Faili la Mtu ni Mali ya Mtu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaosomea kuandika programu tumeiharibu hata methali hiyo. Siku hizi mali inaweza kuwa na daftari, daftari likaandikwa kila jioni kwa uangalifu, na bado ikapotea bila habari, kwa sababu daftari lenyewe limefungiwa ndani ya programu ambayo mwenye mali hana ufunguo wake. Hoja yangu katika insha hii ni moja. Programu yoyote inayopokea kazi ya mtu, kisha ikaificha mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kuiona, kuinakili wala kuihamisha, ni programu mbovu, hata kama rangi zake zinapendeza na kurasa zake zinafunguka haraka. Na programu za namna hiyo ndizo tunazoandika, ndizo tunazowasilisha kama miradi ya mwisho wa masomo, na ndizo tunazopewa alama.

Najua wapo watakaocheka. Watasema suala la mafaili na folda ni somo la wiki ya kwanza, la mtu anayeshika kompyuta kwa mara ya kwanza, na kwamba mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anapaswa kujadili akili bandia. Wengine watasema watu wa leo hawajui folda. Wanajua kubonyeza picha ya programu na basi. Wengine watasema kila kitu sasa kiko kwenye wingu. Nitawajibu wote, lakini kwanza tukubaliane tunazungumzia kitu gani.

Faili ni kazi iliyopewa jina na kuwekwa mahali. Karani wa ofisi yoyote hapa Juba analijua jambo hili kuliko sisi: jalada lina jina mgongoni, liko kwenye kabati, na mwenye ruhusa anaweza kulichukua, kulipeleka ofisi nyingine, au kutoa nakala yake. Kompyuta iliiga kabati hilo. Katika Windows, folda ya Documents ni rafu ambayo kila mtu anaiona. Lakini ipo pia folda ya AppData, ambayo mfumo huificha, na humo programu huweka mambo yake ya ndani. Katika simu za Android na iPhone mpango ni mkali zaidi: kila programu hupewa chumba chake, na programu nyingine hairuhusiwi kuingia. Chumba hicho kina sharti moja ambalo watumiaji wengi hawaambiwi. Programu ikifutwa, chumba hubomolewa pamoja na kila kilichomo.

Chukua mfano wa muuza unga na sukari katika soko la Konyo Konyo. Amepewa programu ya kuandika madeni, iliyoandikwa na kijana kama mimi. Kwa miezi minane anaandika nani amechukua nini na amebakiza pauni ngapi. Siku moja simu inajaa na programu inaanza kukwama. Mpwa wake, kwa nia njema, anamwambia, "Mjomba, ifute kisha uiweke upya, itakuwa nyepesi." Anaifuta. Anaiweka upya. Inafunguka haraka sana, kwa sababu haina kitu. Madeni ya watu arobaini yamekwenda. Hakuna mwizi aliyeingia dukani, na hakuna kirusi. Kila kitu kimefanya kazi kama kilivyopangwa, na huo ndio uovu wenyewe.

Mwandishi wa programu hiyo atajitetea kwamba Android ndiyo iliyoamua hivyo. Utetezi huu lazima tuuangalie vizuri, kwa sababu nusu yake ni kweli. Zamani programu ya Android ikishapewa ruhusa ya kuandika kwenye hifadhi ya simu, iliweza kusoma na kuandika karibu kila mahali humo. Programu ya tochi iliweza kuomba ruhusa hiyo na kupekua picha za familia yako. Ndiyo maana toleo la Android 10 la mwaka 2019 lilianza kuzifungia programu ndani ya vyumba vyao, na Android 11 ya mwaka 2020 ikakaza kamba zaidi. Hilo lilikuwa jambo jema, na silipingi.

Lakini nusu nyingine ya utetezi ni uvivu. Tangu Android 4.4, iliyotoka mwaka 2013, mfumo wenyewe unatoa dirisha la kuchagua mahali. Programu inauliza, "Nihifadhi wapi?" na mtumiaji anachagua: folda ya simu, memori kadi, flashi iliyochomekwa, au huduma ya wingu akitaka. Programu haihitaji ruhusa yoyote ya kupekua simu nzima, kwa sababu mtumiaji ndiye aliyenyoosha kidole. Faili lililohifadhiwa hivyo kwenye folda ya Documents au Download halifutwi programu inapofutwa. Kwenye iPhone, programu ya mfumo ya kuonyesha mafaili ilikuja na iOS 11 mwaka 2017, na programu zetu zinaweza kuonyesha kazi ya mtu humo zikitaka. Njia ipo, nayo si ndefu. Kinachokosekana ni kitufe kimoja kilichoandikwa "Hifadhi nakala" na mistari michache ya msimbo nyuma yake. Basi tuseme ukweli: muuza unga hakupoteza madeni kwa sababu ya Android. Aliyapoteza kwa sababu aliyemwandikia programu hakufikiri kwamba madeni hayo ni ya muuza unga.

Sasa niwajibu watu wa wingu. Wanasema: weka kila kitu kwenye seva, simu ikiibiwa au ikivunjika mtu anaingia kwenye akaunti yake kupitia simu nyingine na kukuta kazi yake. Hoja hii ni nzuri kwenye karatasi. Katika ukanda wetu tuipime kwa mambo yaliyotokea.

Januari 2021 Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi, kwa karibu siku tano. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom, zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, zilikatika, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikabaki na mtandao wa kusuasua. Februari 2024, katika vita vya Sudan, mitandao ya simu ilizimika karibu nchi nzima, na watu waliokuwa wakiishi kwa pesa zinazotumwa kupitia programu za benki wakakwama huku pesa zao zikiandikwa mahali wasipoweza kupafikia. Hapa kwetu, Januari 2025, mamlaka ya mawasiliano iliagiza mitandao ya kijamii ifungwe, ikafungwa kwa siku kadhaa. Mtu aliyekuwa akihifadhi mawasiliano yake ya biashara humo alijifunza siku hizo kwamba alikuwa mpangaji, si mwenye nyumba.

Kuna na lingine ambalo watu wa wingu hulisahau. Programu nyingi humtambua mtu kwa namba yake ya simu: unaandika namba, unatumiwa tarakimu, unaingia. Machi 2018 serikali ilisimamisha mtandao wa Vivacell kwa mgogoro wa ada ya leseni, na namba zake zikanyamaza. Mwenye akaunti iliyofungwa kwenye namba iliyokufa hatatumiwa tarakimu hadi kiama. Kazi yake ipo, salama kabisa, kwenye seva iliyo mbali, na hatainusa tena.

Naomba nieleweke. Sisemi wingu ni baya. Nakala ya pili iliyo mbali na nyumba ni akiba nzuri, na akiba haiozi. Ninachokataa ni wingu kuwa nakala pekee. Hata huduma ya Android ya kuhifadhi nakala za programu, ambayo ipo tangu mwaka 2015, ina kikomo cha megabaiti 25 kwa kila programu, inahitaji akaunti, na kwa kawaida husubiri Wi-Fi. Ni wangapi katika mitaa ya Gudele au Munuki wana Wi-Fi nyumbani? Mwanafunzi anayenunua bando la siku anahesabu kila megabaiti. Kumwambia kwamba kazi yake iko salama mradi atakuwa na mtandao ni kumwambia atafute maji ya kunywa mradi atakuwa na kisima. Mwaka 2019 watafiti wa kundi la Ink & Switch walitoa andiko wakitetea programu ambazo data yake huishi kwanza kwenye mashine ya mtumiaji, mtandao ukawa msaidizi tu. Waliandika wakiwa mahali ambapo umeme na mtandao haukatiki ovyo. Kama wao wameona haja hiyo, sisi wa Juba tunasubiri nini?

Kutoka kwenye mtandao twende kwenye umeme, maana hapo ndipo ujinga wetu wa mafaili unapoonekana wazi zaidi. Katika vibanda vya kuchapa na kutoa nakala, kompyuta nyingi zinaendeshwa na jenereta. Mafuta yanaisha, jenereta inazima, skrini inakuwa nyeusi. Hebu tazama programu ya kawaida ya mwanafunzi inavyohifadhi. Inafungua faili la zamani, inalifuta kuwa tupu, kisha inaanza kuandika maneno mapya. Umeme ukikatika katikati ya hatua hizo, toleo la zamani limeshafutwa na jipya halijakamilika. Mtu anawasha kompyuta na kukuta faili lina jina lake sahihi na ukubwa wa sifuri.

Tiba yake inajulikana na ni ya zamani. Andika toleo jipya kwenye faili la muda, ndani ya folda ileile. Uamuru mfumo ulishushe kweli kwenye diski, usiliache likielea kwenye kumbukumbu. Ukishahakikisha limekamilika, lipe jina la faili la zamani ili lichukue nafasi yake. Kubadilisha jina ndani ya mfumo mmoja wa mafaili hufanywa kama tendo moja: ama limefanyika, ama halijafanyika. Umeme ukikatika wakati wowote, mtu atakuta toleo la zamani likiwa zima au jipya likiwa zima, wala hatakuta maiti. Nasema "folda ileile" kwa makusudi, kwa sababu kuhamisha faili kutoka diski moja kwenda flashi si kubadilisha jina. Ni kunakili kisha kufuta, na kunakili kunaweza kukatika njiani. Asiyetaka kufanya kazi hii mwenyewe atumie SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya simu zote za Android, ambayo imejengwa ili kustahimili kuzimika kwa ghafla. Lakini hata hapo akumbuke kumpa mtumiaji njia ya kutoa kazi yake nje.

Tatu, majina. Hapa ndipo programu zetu zinapoonyesha dharau bila kujua. Nimeona programu ya kompyuta iliyoandikiwa njia ya faili kuanzia C hadi kwenye folda ya mtumiaji aitwaye Admin, kama kwamba kila kompyuta duniani ni ile ya mwandishi. Ikipelekwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine inaanguka papo hapo. Windows hutenganisha folda kwa mkwaju unaolalia nyuma. Linux na Android kwa mkwaju unaolalia mbele. Windows kwa kawaida huona "Ripoti" na "ripoti" kuwa jina moja. Linux huyaona kuwa mawili. Windows hukataa nukta mbili ndani ya jina la faili, kwa hiyo programu inayoweka saa 10:30 kwenye jina la ripoti itakwama. Mambo haya si siri. Kila lugha ya programu ina maktaba ya kuunganisha njia za mafaili na ya kuuliza mfumo folda ya mtumiaji iko wapi. Kutoitumia ni sawa na fundi anayejenga mlango kwa kipimo cha mwili wake mwenyewe.

Na majina ya watu je? Katika mji huu mtu mmoja anaweza kuwa na cheti cha shule kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kutoka Khartoum, kingine kwa herufi za Kilatini kutoka Kampala, na jina lake lenyewe likawa la Kibari au Kidinka lenye herufi ambazo kibodi ya kawaida haina. Programu inayohifadhi maandishi bila kutamka kwamba inatumia UTF-8 itayageuza majina hayo kuwa alama za kuuliza na visanduku vitupu. Tumezoea kuambiwa hilo ni tatizo dogo la kiufundi. Mwambie hivyo mama ambaye jina la mtoto wake limetoka kwenye orodha ya kliniki likiwa alama saba za kuuliza.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni ya usalama, na sitaipita kando. Mtu atasema: faili linaloonekana na mwenyewe litaonekana pia na mwizi wa simu, na mdadisi njiani, na ndugu mwenye mkono mrefu. Orodha ya wagonjwa haipaswi kukaa kwenye folda ya Download. Ni kweli. Ndiyo maana sisemi kila kitu kiwekwe hadharani. Nenosiri, funguo na rekodi za siri zikae kwenye chumba cha ndani. Ndiyo kazi yake. Lakini siri ya mgonjwa haimaanishi kliniki isiwe na nakala ya rejesta yake. Maana yake ni kwamba nakala itolewe na mhusika mwenye ruhusa, ifungwe kwa nenosiri, na iandikwe pale anapochagua. Usalama ni kumpa mwenye mali mlango wenye kufuli na ufunguo. Kujenga ukuta usio na mlango kisha kuuita usalama ni kumdanganya mtu.

Wala tusidhani haya ni ndoto. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani walianzisha Open Data Kit, programu ya kukusanya taarifa kwa simu mahali pasipo na mtandao. Fomu ikijazwa, huwa folda yenye faili la maandishi na picha zake, na hukaa kwenye simu hadi mtandao upatikane. KoboToolbox, inayotumiwa sana na mashirika ya misaada, imejengwa juu ya kazi hiyo. Android ilipokaza kamba, nayo ililazimika kuhamisha folda zake, ikahama. Haikutupa desturi yake ya kuweka kazi ya mtu kama faili linalosomeka.

Kusomeka ni neno ninalotaka wenzangu walikumbuke. Nyaraka za zamani za utawala wa Kusini ziliwahi kukaa kwa miaka ndani ya hema hapa Juba, zikipigwa na joto na vumbi na kutishiwa na mchwa, kabla ya kupangwa na kuanza kunakiliwa kidijitali kwa msaada wa Rift Valley Institute. Zilizonusurika zilisomeka siku zilipofunguliwa, kwa sababu karatasi haiulizi toleo la programu. Je, rejesta tunazoziandika leo zitasomeka baada ya miaka 40? Zikiwa kwenye faili la maandishi ya kawaida, au jedwali lililotenganishwa kwa mikato, zitasomeka na mashine yoyote. Zikiwa katika muundo ambao mwanafunzi mmoja aliubuni kwa ajili ya mradi wake kisha akahamia Nairobi, zitakuwa kelele. Nchi iliyokimbizwa mwaka 2013 na tena mwaka 2016, ambayo watu wake walitoka majumbani na kile kilichoingia mfukoni, inapaswa kuelewa kuliko nchi yoyote thamani ya kazi inayobebeka kwenye flashi.

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wetu jambo moja ambalo halihitaji bajeti. Mradi wa programu unapowasilishwa, msiishie kutazama kurasa zake kwenye projekta. Ufanyieni majaribio manne. Zimeni mtandao, mwone kama kazi ya mtumiaji bado inafunguka. Ueni programu ghafla wakati inahifadhi, kisha muiwashe tena. Ifuteni na kuisakinisha upya, muulize kazi ya jana iko wapi. Mwisho, chukueni faili lililotolewa na programu hiyo, mlifungue kwenye mashine isiyo na programu yenyewe. Mradi ukishindwa majaribio haya haujakamilika, hata kama una akili bandia ndani yake.

Na kwenu wenzangu, mnaoniambia kwamba soko linataka programu za kupendeza: soko ni muuza unga wa Konyo Konyo. Aliwakabidhi madeni ya watu arobaini. Hakuwapa madeni hayo yawe yenu, aliwapa mumtunzie. Akija kuyadai, mna wajibu wa kumwonyesha folda, jina la faili, na namna ya kulibeba aende nalo.